Kumbukumbu Inayosahau: Uhakiki wa Istilahi za Kupanua Kumbukumbu ya Seva katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyoutaja upanuzi wa kumbukumbu ya seva katika vituo vya data vya kisasa. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa istilahi zilizopo hautokani na uhaba wa maneno. Unatokana na namna maneno mawili yenye historia ndefu, kumbukumbu na hifadhi, yalivyogawiwa kazi bila kuzingatia uga wao wa maana. Neno ambalo kwa mzungumzaji hutaja rekodi inayobaki limepewa kifaa kinachosahau umeme ukikatika. Na neno linalotaja pia kazi ya kuweka maneno moyoni limepewa diski. Kwa kutumia nadharia ya sitiari ya kidhana, makala yanaonesha kwamba mgongano huo ulivumilika wakati mpaka baina ya vifaa hivyo viwili ulipokuwa wazi, lakini hauvumiliki tena sasa ambapo uhandisi wa seva unaugusa mpaka wenyewe. Mwisho, makala yanapendekeza istilahi chache zinazotokana na msamiati wa Kiswahili wenyewe, zikiwamo mbili za mwambao: kikoa na kupwelewa.

1.0 Utangulizi

Mijadala mingi kuhusu istilahi za kompyuta katika Kiswahili imehusu majina ya vitu vinavyoonekana. Tumebishana kwa miaka mingi kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kuhusu intaneti na mtandao. Kuhusu puku na kipanya. Mijadala hiyo imekuwa na faida yake, lakini imetufanya tudhani kwamba kazi ya istilahi imekwisha pale kila kifaa kinapopata jina. Maneno yanayotaja uhusiano baina ya vifaa, yaani yale yanayobeba maelezo ya jinsi kitu kinavyofanya kazi, hayajapata uhakiki wa kiwango hichohicho.

Neno kumbukumbu ni mojawapo ya maneno hayo. Lilikubalika mapema, bila ubishi, kwa sababu lilionekana kuwa tafsiri ya moja kwa moja ya neno la Kiingereza "memory". Hakuna aliyeliona kuwa geni, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyelichunguza. Leo neno hilo linatakiwa kubeba mzigo mkubwa kuliko ule liliopewa mwanzoni. Katika vituo vya data duniani, kumbukumbu ya seva imekuwa miongoni mwa vitu vyenye gharama kubwa zaidi, na mbinu za kuipanua zimezaa dhana ambazo haziwezi kuelezwa kwa Kiswahili bila kwanza kujua tunamaanisha nini tunaposema kumbukumbu.

Suala hili lina matokeo nje ya darasa la isimu. Marekebisho ya sheria yaliyopitishwa Tanzania mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu moja kwa moja namna taarifa zinavyokusanywa na kuchakatwa kwa mashine. Mikataba ya huduma za seva, nyaraka za zabuni na hukumu zitakazoandikwa kwa Kiswahili zitalazimika kueleza taarifa fulani ilikuwa wapi na ilidumu kwa muda gani. Iwapo istilahi zetu zinaficha tofauti baina ya mahali panapotunza na mahali panaposahau, kosa hilo litaingia katika maandiko ambayo watu watayategemea kudai haki zao.

2.0 Kitu Kinachopanuliwa

Ili uhakiki wa istilahi uwe wa haki, ni lazima kwanza kifaa chenyewe kielezwe kwa maneno ya kawaida. Seva huweka data katika sehemu mbili kuu. Ya kwanza iko jirani na kichakataji na humpa data anayoifanyia kazi kwa wakati huo. Ya pili ni diski, ambako data hukaa hata mashine ikizimwa. Kilichotengwa hapa ni muda. Kuifikia data iliyo katika sehemu ya kwanza huchukua takriban nanosekunde 100. Kama tungeurefusha muda huo uwe sekunde moja, basi kuisubiri diski ya kielektroniki inayojibu kwa maikrosekunde 100 kungechukua zaidi ya dakika 16, na kuisubiri diski ya kuzunguka inayojibu kwa milisekunde 5 kungechukua karibu saa 14.

Sehemu hiyo ya kwanza, katika seva nyingi za leo, ni ya aina iitwayo DRAM, ambayo hataza yake ilitolewa kwa Robert Dennard wa IBM mwaka 1968. Kila biti huwekwa kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita. Chaji hiyo huvuja. Ili isipotee, kila seli lazima isomwe na kuandikwa upya, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64, yaani takriban mara 16 kwa sekunde. Umeme ukikatika, kazi hiyo ya kurudia husimama na kila kitu hufutika. Kwa hiyo sifa ya msingi ya kifaa tunachokiita kumbukumbu ni kwamba hakiwezi kukumbuka bila kukumbushwa.

Haja ya kukipanua inatokana na mwendo usiolingana wa sehemu za seva. Mwaka 1995, Wulf na McKee walionya kwamba vichakataji vinaongeza kasi upesi kuliko kumbukumbu, na hali hiyo ikajulikana kama ukuta wa kumbukumbu. Mfano mmoja unatosha. Kichakataji cha EPYC cha kampuni ya AMD kilichotoka mwaka 2017 kilikuwa na viini hadi 32 na njia 8 za kuifikia kumbukumbu. Kile cha mwaka 2022 kilikuwa na viini hadi 96 na njia 12. Njia ziliongezeka, lakini viini vinavyogombea kila njia viliongezeka kutoka 4 hadi 8. Kuongeza vipande vikubwa zaidi vya kumbukumbu katika nafasi zilezile kuna kikomo, na bei ya vipande vikubwa hupanda upesi kuliko ukubwa wake.

Wahandisi wamejibu kwa njia tatu zinazotuhusu hapa. Ya kwanza ni kutengeneza kumbukumbu isiyofutika, ambayo Intel iliiuza kwa jina la Optane. Ya pili ni kuihamisha data isiyotumika sana kutoka kwenye DRAM na kuipeleka mahali pa bei nafuu bila programu kujua. Mwaka 2022 watafiti wa Meta walieleza kwamba mbinu hiyo iliokoa baina ya asilimia 20 na 32 ya kumbukumbu ya seva zao. Ya tatu ni kiwango cha kiufundi kiitwacho Compute Express Link, kwa kifupi CXL, kilichotangazwa mwaka 2019, kinachoruhusu kumbukumbu kuwekwa nje ya nafasi zake za kawaida na hata kutumiwa na seva kadhaa kwa pamoja. Njia zote tatu zinaugusa mpaka uleule: mpaka baina ya kumbukumbu na hifadhi, au baina ya kumbukumbu ya seva hii na ya seva ile.

3.0 Maneno Mawili Yaliyobadilishana Nafasi

Katika matumizi yaliyoenea, Kiswahili huita sehemu ya kwanza kumbukumbu na ya pili hifadhi. Tuyatazame maneno haya yalivyo nje ya kompyuta.

Kumbukumbu ni nomino iliyotokana na kitenzi kumbuka kwa uradidi. Maana yake ya kwanza ni uwezo wa mtu kukumbuka. Hata hivyo, katika maisha ya ofisi, neno hili limejenga makazi mengine. Kumbukumbu za mkutano ni maandishi yanayothibitisha yaliyosemwa. Namba ya kumbukumbu katika barua rasmi humwezesha msomaji kulipata jalada. Tanzania ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na mtunza kumbukumbu ni cheo cha utumishi wa umma chenye majukumu yanayojulikana. Jamaa zake wa mzizi mmoja, makumbusho na ukumbusho, nao hutaja vitu vilivyowekwa ili vibaki. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili cha kiofisi anapokutana na neno kumbukumbu bila kivumishi chochote, matarajio yake ya kwanza ni kitu kilichoandikwa na kinachodumu. Tungo kama "kuongeza uwezo wa kumbukumbu za seva", likisomwa na mtunza kumbukumbu, linaelekeza kwenye majalada mengi zaidi, yaani kwenye diski, kinyume kabisa cha kusudio la mhandisi.

Hifadhi nayo ina historia yake. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, hutaja utunzaji: hifadhi ya wanyamapori, hifadhi ya chakula, hifadhi ya jamii. Lakini katika elimu ya Kiislamu ya mwambao na kwingineko, kuhifadhi ni kuweka moyoni. Mtoto wa chuoni huhifadhi sura. Aliyehifadhi Kurani yote huitwa hafidhi. Vilevile msomaji wa tenzi husemwa ameuhifadhi utenzi fulani iwapo anaweza kuusoma bila kitabu. Katika matumizi haya, kuhifadhi ndiyo kazi ya kumbukumbu hai ya binadamu, tena kwa namna inayofanana mno na ile ya DRAM. Hafidhi hadumishi alichohifadhi kwa kukiweka mara moja na kukiacha. Hukidurusi tena na tena, kwa sababu asipokidurusi kitamtoka. Anayejua mazoezi hayo hahitaji maelezo marefu kuhusu seli inayosomwa na kuandikwa upya mara 16 kwa sekunde.

Basi maneno yetu yamepishana njiani. Neno lenye mazoea ya kutaja rekodi limepewa kifaa kinachosahau, na neno linaloweza kutaja kazi ya kurudiarudia ili kitu kisitoke limepewa kifaa kinachotunza bila kurudia. Hatudai kwamba kila mzungumzaji anazo maana hizi zote kichwani kwa wakati mmoja. Tunadai kwamba uga wa maana wa kila neno unavuta upande ambao istilahi haikukusudia, na kwamba mvuto huo unaonekana katika matumizi. Mtu mtaani akisema simu yake imejaa, anamaanisha nafasi ya picha na nyimbo. Akitaja memori, mara nyingi anamaanisha kadi ndogo ya kuwekea nyimbo hizo. Kwake, kumbukumbu ya mashine ni mahali pa kutunzia, kama jalada. Hajakosea kuhusu lugha yake. Istilahi ndiyo iliyopuuza anachokijua.

4.0 Ghala, Kinu na Ubongo

Lakoff na Johnson (1980) wanatufundisha kwamba sitiari si pambo la lugha pekee. Ni njia ya kuifahamu dhana moja kwa kutumia nyingine, na kila sitiari huangaza upande fulani na kufunika mwingine. Neno "memory" katika kompyuta ni sitiari ya namna hiyo, na haikuwa ya lazima. Charles Babbage, alipoieleza mashine yake ya uchanganuzi katika karne ya 19, aliigawa katika sehemu mbili alizoziita kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya ghala na kinu. Ghalani namba zilisubiri, kinuni zilitwangwa. Sitiari hiyo ilitoka katika uzalishaji, na haikuipa mashine akili wala moyo.

Mwaka 1945, katika rasimu ya ripoti yake kuhusu mashine ya EDVAC, John von Neumann alizilinganisha sehemu za mashine na mfumo wa neva, na neno "memory" likapata nguvu. Huko Uingereza, hata hivyo, sitiari ya ghala iliendelea kwa muda. Mashine ya EDSAC ya Cambridge, iliyoanza kazi mwaka 1949, ina neno la Kiingereza la uwekaji ghalani ndani ya jina lake. Ubongo ulilishinda ghala baadaye, kutokana na nguvu ya waandishi na watengenezaji wa Marekani. Hapakuwa na ulazima wa kisayansi.

Lugha nyingine zilizopokea dhana hii hazikuipokea kwa mikono mitupu. Kijerumani huita sehemu ya kwanza Arbeitsspeicher, yaani ghala la kazi, na hivyo kimebaki na Babbage. Kifaransa kilichukua kumbukumbu, lakini kikaiwekea kivumishi: mémoire vive, kumbukumbu iliyo hai, dhidi ya mémoire morte, kumbukumbu iliyokufa, kwa ile inayosomwa tu bila kuandikwa. Katika lugha zote mbili, jina lina sehemu ya ziada inayomwambia msomaji kwamba hii ni kumbukumbu ya namna yake. Kiswahili kilichukua nomino tupu. Pale Kifaransa kilipoona haja ya kuonya, sisi tulinyamaza.

Inafaa kusema kwamba suluhisho la Kijerumani halihamishiki. Tukisema kumbukumbu ya kazi, tunapata maandishi yanayoonesha kazi zilizofanyika. Ofisi yoyote inazo kumbukumbu za kazi. Hata suluhisho la Kifaransa lina hatari, kwa kuwa kumbukumbu hai inaweza kusomwa kama majalada ambayo bado yanatumika. Mifano hii miwili inathibitisha kwamba tatizo halimo katika kivumishi. Limo katika uzito wa kiofisi ambao neno kumbukumbu limekwisha kuubeba katika Kiswahili, na ambao "memory" ya Kiingereza haina kwa kiwango hicho.

5.0 Mtihani wa Optane

Udhaifu wa istilahi huonekana vizuri zaidi pale kifaa kipya kinapovunja mgawanyo uliozoeleka. Mwaka 2015, Intel na Micron zilitangaza teknolojia iliyokusudiwa kuwa karibu na DRAM kwa kasi na karibu na diski kwa udumu. Mwaka 2019 Intel ilianza kuuza vipande vyake kwa ajili ya seva, vyenye gigabaiti 128, 256 na 512. Mwaka 2022 kampuni ilitangaza kuisitisha biashara hiyo. Muda wake ulikuwa mfupi, lakini kwa mhakiki wa istilahi ni kisa chenye mafunzo.

Kwa Kiingereza, kifaa hiki kiliitwa kumbukumbu inayodumu, na mshangao wa jina ulikuwa dhahiri: wasomaji walijua kwamba kumbukumbu ya kompyuta haidumu, hivyo kivumishi kilikuwa habari. Tukisema kumbukumbu inayodumu kwa Kiswahili, mshangao unapotea. Kumbukumbu gani isiyodumu? Tungo linasikika kama takriri, sawa na kusema makumbusho yanayokumbusha. Habari kuu ya teknolojia nzima, iliyogharimu miaka ya utafiti, inageuka kuwa maneno yasiyosema kitu.

Tatizo linaongezeka tukiangalia namna kifaa hicho kilivyotumika. Kilikuwa na namna mbili za kufanya kazi. Katika namna moja, kilipanua tu ukubwa wa kumbukumbu ya seva, na data yake ilihesabiwa kuwa imepotea seva ilipozimwa. Katika namna nyingine, programu iliyoandikwa kwa kusudi hilo iliweza kukuta data yake ileile baada ya umeme kurudi. Kipande kilekile, katika nafasi ileile, kilikuwa kinachosahau au kinachotunza kulingana na kilivyopangwa. Mkataba wa Kiswahili unaosema taarifa za mteja zitakuwa katika kumbukumbu ya seva na kufutwa seva inapozimwa ungekuwa kweli katika namna ya kwanza na uongo katika ya pili, na hakuna neno katika sentensi hiyo ambalo lingemwonesha mteja tofauti. Hapa istilahi imeacha kuwa suala la ladha.

6.0 Kupwelewa na Kula Kikoa

Sehemu iliyotangulia ilionesha mahali Kiswahili kilipodhoofishwa na neno lililokubaliwa haraka. Sehemu hii inaonesha mahali ambapo Kiswahili kina neno bora, nalo limeachwa.

Tuanze na tatizo ambalo CXL inajaribu kulitatua. Katika kituo cha data kinachokodisha mashine pepe, kila seva ina viini kadhaa na kumbukumbu ya kiasi fulani. Wateja wakikodi viini vyote kabla ya kumbukumbu kwisha, kumbukumbu iliyobaki haiwezi kukodishwa kwa yeyote, kwa kuwa hakuna kiini cha kuitumia. Ipo, imelipiwa, inatumia umeme, na haina kazi. Watafiti waliochunguza vituo vya Azure vya Microsoft, katika makala yao ya mwaka 2023 kuhusu mfumo waliouita Pond, walieleza kwamba kumbukumbu ya namna hiyo inaweza kufika asilimia 25. Kiingereza huitaja kwa neno la chombo kilichokwama pwani.

Mfasiri anayetegemea kamusi atasema kumbukumbu iliyokwama. Neno kukwama halitoshi, kwa sababu kitu hukwama kwa kuzuiwa, nayo kumbukumbu hii haikuzuiwa na kitu. Ni mazingira yake yaliyoondoka. Mwambao una kitenzi kinachosema hivyo hasa: kupwelewa. Chombo hupwelewa maji yanapopwa na kukiacha mchangani. Hakina tundu, tanga lake ni zima, nahodha yupo. Kilichokosekana ni maji. Kumbukumbu iliyopwelewa ni nzima vilevile, na viini ndivyo vilivyopwa. Zaidi ya hapo, kitenzi hiki kina matumaini ambayo kukwama hakuna: aliyepwelewa hungoja maji yajae. Mteja mmoja akiondoka na viini vikafunguka, kumbukumbu huelea tena. Sitiari inabeba chanzo cha tatizo na namna linavyoondoka, kwa neno moja.

Suluhisho la CXL ni kuitoa sehemu ya kumbukumbu katika seva mojamoja na kuiweka mahali ambapo seva kadhaa zinaweza kuchota kwa kadiri ya haja. Gharama yake ni muda: kuifikia kumbukumbu ya namna hiyo huchukua takriban mara mbili ya muda wa ile iliyo jirani, japo bado ni upesi mno kuliko diski. Kiingereza hulita fungu hilo la pamoja kwa neno lenye maana pia ya bwawa, na tafsiri sisisi ingetupa bwawa la kumbukumbu, picha inayovutia lakini isiyosema lolote kuhusu ushirika. Bwawa halina masharti ya nani achangie na nani achote.

Kiswahili kina kikoa. Kula kikoa ni desturi ya watu kuchangia chakula na kula pamoja, kila mmoja akitoa kwa zamu au kwa sehemu yake. Dhana zote zinazohitajika zimo: kuna wanachama wanaojulikana, kuna mchango, kuna kula kwa haja, na kuna ufahamu kwamba si wote watakaokuwa na njaa kubwa siku moja. Hilo la mwisho ndilo msingi wa hesabu ya kumbukumbu ya pamoja. Kama seva zote zingehitaji kiwango cha juu kwa wakati mmoja, kushirikiana kusingeokoa kitu. Kwa bahati mbaya, kikoa kimekwisha kutumiwa katika kompyuta kwa maana ya eneo la jina la tovuti, matumizi ambayo hayana uhusiano wa karibu na desturi hiyo. Neno lenye utajiri lilitumika pasipo haja nalo. Hata hivyo tungo la kielezi, kumbukumbu ya kikoa kama ilivyo chakula cha kikoa, bado liko wazi na haliwezi kuchanganywa na jina la kikoa.

7.0 Hoja Kinzani

Inaweza kupingwa kwamba istilahi haihitaji uwazi, inahitaji kukubalika. Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992), katika kiongozi chao cha uundaji wa istilahi, wanatukumbusha kwamba istilahi hupimwa kwa vigezo vingi, na mazoea ya watumiaji yana uzito. Kumbukumbu imekwisha kukubalika. Kwa nini kuigusa?

Jibu letu ni kwamba hatupendekezi iondolewe. Kukubalika kwake ni kweli, lakini ni kukubalika kwa neno, na tumeonesha kwamba watumiaji hawakukubaliana kuhusu kinachotajwa. Mhandisi na mtunza kumbukumbu wanatumia neno moja kwa vitu viwili vyenye tabia zinazopingana, na wote wawili wanaweza kuwa katika kamati moja ya zabuni.

Hoja ya pili ni kwamba wahandisi wenyewe husema kwa maneno ya Kiingereza, hivyo jambo hili haliwahusu. Hoja hii inasahau nani hasa husoma Kiswahili cha kiufundi. Mhandisi ana michoro na vipimo. Anayetegemea maneno peke yake ni mwanafunzi, mnunuzi, mwanasheria, mwandishi wa habari na raia ambaye taarifa zake zimo ndani ya mashine. Hao ndio wanaodhurika neno linapokosea, na wengi wao hawana njia nyingine ya kugundua kosa.

Hoja ya tatu ingependelea kukopa: tuseme memori na yaishe. Lakini mtaa umekwisha kulipa mkopo huo maana ya kadi ya kuwekea nyimbo. Kukopa hakutufikishi mahali papya. Kunaturudisha kwenye mgongano uleule kwa tahajia nyingine.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba neno moja lililokubaliwa bila ubishi linaweza kuhitaji uhakiki zaidi ya yale yaliyobishaniwa sana. Mapendekezo yetu ni machache. Katika maandiko yanayoweza kuathiri haki au matumizi ya fedha, kumbukumbu isiachwe tupu: isemwe kumbukumbu ya muda kwa ile inayofutika na kumbukumbu ya kudumu kwa ile isiyofutika, na hifadhi ibaki kwa diski. Vivumishi hivi si vya kupendeza, na kumbukumbu ya muda inaweza bado kumfikirisha mtu rekodi za muda. Lakini hata akikosea hivyo, atakuwa ameonywa kwamba kilichomo hakitadumu, na onyo hilo ndilo lililokosekana. Kwa dhana mpya za vituo vya data, tunapendekeza kumbukumbu iliyopwelewa na kumbukumbu ya kikoa.

Kazi iliyobaki ni ya wengi. Tabaka za kumbukumbu zinaongezeka, na kila tabaka litaleta maneno mapya kuhusu ukaribu, kasi, kuhama na kufutika. Madrasa, bandari na jikoni zina msamiati wa mambo hayo uliokwisha kupimwa na matumizi. Watafiti wa istilahi wangefanya vyema kuanzia huko kabla ya kufungua kamusi ya lugha nyingine.